Nyumba Iliyopigwa Deki

Buthaina aliamka, akamvisha mtoto viatu, kisha akaanza kuichafua nyumba.

Kazi hiyo alikuwa ameshaizoea, ingawa mikono yake bado iliikataa. Sufuria ya wali wa jana aliiacha sinkini na ukoko wake. Taulo mbili mbichi alizitupia kwenye mgongo wa kiti. Miswaki, wake na ule mdogo wa Tala wenye picha ya samaki, aliilowesha makusudi na kuisimamisha kwenye glasi, mahali ambapo mtu akiingia bafuni ataiona kabla hajajiona kwenye kioo. Akavuruga shuka. Akamwaga makombo ya mkate na viungo vya zaatari mezani. Halafu akasimama katikati ya chumba, yeye mwanamke aliyelelewa na mama aliyepiga deki hata ngazi za majirani, akaona haya peke yake.

"Mama, soksi hujaitupa," Tala alimkumbusha.

"Ahsante, mwanangu." Akaitupa soksi chini ya meza.

Wakaguzi walikuwa njiani. Siku gani, saa ngapi, hawasemi. Wanataka wakukute kama ulivyo. Ofisi ya vitambulisho ilikuwa imeshapokea risiti za kodi ya jiji, za maji, za umeme, mkataba wa pango, barua ya imamu, barua ya muuza mboga, na bado haikuridhika kwamba Buthaina, aliyezaliwa mtaa huu wa Bab Hutta, binti wa mtu aliyezaliwa Bab Hutta, anaishi Bab Hutta. Kwa hiyo watakuja kutazama. Wakili wake, Ustadh Fakhri, alimweleza wanachotazama: friji ina nini, kikapu cha nguo kimejaa au kitupu, mswaki una maji au umekauka.

"Wataka kuona maisha," alisema wakili. "Na maisha ni uchafu, Mama Tala. Usisafishe chochote."

Kitambulisho cha Buthaina ni cha buluu. Kimeandikwa kwamba mwenye nacho ni mkaazi wa kudumu. Kudumu gani huko kunakotegemea mswaki, waulize wenyewe. Mtu anazaliwa katika mji wa babu yake, halafu anapewa karatasi inayomfanya mgeni, na mgeni huyo akionekana amelala kwingine siku nyingi, karatasi inachukuliwa, na hana tena njia ya kurudi kulala kwao. Jawdat, mumewe, ana cha kijani. Yeye ni wa Abu Dis, upande wa pili wa ukuta uliojengwa kuutenga mji, na juu ya paa la nyumba yake anauona mji wote, mpaka nguo za watu kwenye kamba, lakini hawezi kulala chumba kimoja na mkewe bila kibali, na kibali hapewi. Mkewe naye akihamia Abu Dis, wataandika kwamba maisha yake yamehama. Basi ndoa yao ni ya simu, na ya Ijumaa Buthaina anapovuka kwenda kwake.

Tala alizaliwa Abu Dis. Haikuwa hiari ya mtu. Uchungu ulimshika Buthaina akiwa huko Ijumaa moja, kizuizi cha askari kikafungwa, na mtoto hakungoja kifunguliwe. Kwa kosa hilo la kutongoja, alikuwa ametimiza miaka mitano bila namba. Hana namba ya mjini, na namba ya kijani mama yake hakutaka kumchukulia, maana ingemfungia mtoto upande wa pili milele. Mtoto asiye na namba hana shule, hana kliniki, hana chochote. Wakaguzi wakiridhika, atapewa. Wasiporidhika, hatapewa, na mama yake naye ajiandae kuulizwa habari za kadi yake ya buluu.

Walipokuwa wanatoka, Hajja Ratiba akaingia. Huyu ni mama yake Jawdat. Wanawake waliofika umri wake huruhusiwa kuvuka kizuizi mchana, naye kila wiki huvuka, akipanda mabasi mawili kwenda mahali ambapo zamani alikwenda kwa miguu huku akila mbegu za maboga. Alikuwa amebeba kapu la majani ya mzabibu na, juu yake, sufuria yake mwenyewe.

Alisimama mlangoni. Akaitazama sinki. Akaitazama soksi.

"Mwanangu, mnaumwa?"

"Hajja, hatuumwi. Nilishakwambia. Wakaguzi wanaweza kuja wakati wowote. Wakili amesema nyumba iachwe hivi hivi."

"Huyo wakili ana mama?"

"Hajja, tafadhali. Usiguse kitu. Hata kijiko."

"Nimesikia, nimesikia. Nenda, utachelewa. Mimi nitakaa hapa na majani yangu."

Buthaina aliondoka. Laiti angalibaki! Lakini shuleni alikuwa ameitwa, na mwanamke mmoja hana miili miwili.

Mwalimu mkuu, Sitti Inaam, aliwapokea akiwa amesimama, ishara kwamba hawatakaribishwa kukaa. Alimpa Tala peremende. Alimsifia nywele. Kisha akaanza kupanga kalamu zake.

"Mama Tala, ile nafasi siwezi kuishikilia zaidi ya Alhamisi. Kuna wazazi wanasubiri."

"Mtoto amefanya majaribio amefaulu. Mwenyewe ulisema anasoma kuliko wa darasa la kwanza."

"Nilisema. Lakini mfumo haumkubali. Nikiandika jina bila namba, kompyuta inalitema."

"Muache akae tu darasani. Sitaki cheti. Akae asikilize."

"Akianguka akavunjika mkono nitamwambia nani? Nitasema nani ameanguka?" Sitti Inaam aliirudisha kalamu moja mahali pake. Alikuwa wa mtaa wa pili, na walichezea uwanja mmoja utotoni. "Usinitazame hivyo, Buthaina. Na mimi nina wakubwa."

"Kila mtu ana wakubwa," Buthaina alisema. "Mwanangu tu ndiye hana hata mdogo wa kumsemea."

Walirudi kwa kupita sokoni. Nyanya zilikuwa zimepanda tena, na muuzaji hakuona sababu ya kuomba radhi. Tala alitaka kujua kompyuta inatemaje, kama inatema mate au inatema kama mtoto anayekataa dawa. Buthaina alikuwa anatafuta jibu wakati pua yake ilipomfikishia habari. Walikuwa hawajafika hata nusu ya ngazi. Ilikuwa harufu ya klorini na sabuni ya mafuta ya zeituni.

Alipanda zilizobaki akikimbia.

Sakafu iling'aa. Mawe ya zamani, yale mekundu na meupe ambayo babu yake aliyalipia kwa shamba, yalikuwa bado na unyevu, yamesuguliwa mpaka michoro yake imefufuka. Sinki nyeupe. Meza tupu, imetandikwa kitambaa cha kudarizi kilichokuwa kabatini tangu arusi. Shuka zimenyooshwa kama za hospitali. Friji ilikuwa imezimwa, imeyeyushwa barafu, imefutwa, na mlango wake uko wazi upate hewa. Ndani hapakuwa na kitu. Jikoni sufuria ya Hajja ilichemka taratibu, na pembeni yake kahawa ya iliki ilikuwa tayari imepangiwa vikombe vya wageni.

"Mama," Tala alisema mlangoni, "hii siyo nyumba yetu."

Hajja Ratiba alitoka bafuni mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwiko, uso umejaa furaha.

"Hajja, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoshindwa. Waje sasa."

"Nilikwambia usiguse!"

"Ulinambia wanakuja watu. Nyumba ya mwanangu, waingie watu wale, wale hasa, wakute ukoko? Wakakae kwenye ofisi zao wacheke, waseme tazama wanavyoishi? Walichukua shamba la baba yangu wakiandika kwamba lilikuwa pori, kwamba hakuna aliyelitunza. Lilitunzwa! Nililipalilia mimi, kwa mikono hii!" Sauti ilimpanda. "Hawatasema tena kwamba hatutunzi."

Buthaina aliitazama friji iliyo wazi. Nani angembishia? Mkwe wake alikuwa amepambana na adui aliyemjua. Kosa lake lilikuwa kwamba adui ameshabadilisha hesabu: zamani alikunyang'anya kwa sababu hukutunza, siku hizi anakunyang'anya kwa sababu umetunza mno.

"Chakula cha friji kiko wapi?"

"Kile cha juzi? Nimewapa paka."

"Taulo?"

"Nimefua. Zote. Ziko juu ya paa."

Basi Buthaina akarukia kabati. Alichomoa magauni, blauzi, suruali za mtoto, akazitupa kitandani, chini, juu ya kiti. Alimwaga unga wa kahawa sinkini. Alipiga teke mito. Hajja alipiga kelele, akidhani mkaza mwanawe amepandwa na wazimu, akawa anaokota nyuma yake na kukunja, huyu anatupa, yule anakunja. Tala akaona ni mchezo, akacheka, akaanza kuruka juu ya mito.

Ndipo mlango ulipogongwa.

Walikuwa watatu: mwanamume wa makamo mwenye miwani, mwanamke kijana mwenye simu ya kupigia picha, na mlinzi mwenye bunduki ambaye alibaki kizingitini akitafuna bazoka. Mwenye miwani alizungumza lugha ya hapa vizuri, na kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera Buthaina kuliko bunduki.

"Samahani kwa usumbufu. Ni ukaguzi wa kawaida tu."

"Karibuni, karibuni," alisema Hajja, na akakimbilia kahawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wahenga hawakupata wageni wa aina hii.

Mkaguzi aliinama, akaokota blauzi sakafuni. Aliigeuza. Ilikuwa bado na mikunjo ya kabatini, minne, iliyonyooka.

"Hii umeitupa sasa hivi?"

"Nilikuwa napanga nguo."

"Unapanga kwa kutupa chini?"

Mwanamke kijana alipiga picha blauzi, akapiga picha friji. "Tupu," alisema. "Imezimwa."

"Ilikuwa inasafishwa! Leo asubuhi ilikuwa na jibini, na wali, na—"

"Na sasa viko wapi?"

"Paka," alisema Hajja kutoka jikoni, kwa fahari ya mtu asiyelimbikiza.

Mkaguzi aliifuata sauti. Alifunua sufuria kwa heshima, akavuta harufu. "Majani ya mzabibu. Na hii sufuria ni ya nani?"

"Yangu. Nimekuja nayo."

"Umetoka nayo wapi, Hajja?"

"Abu Dis. Kwangu. Kwetu hasa."

Aliandika. Buthaina alitaka kumziba mkwe wake mdomo, lakini angemziba asiseme nini? Ukweli? Kila jambo lililosemwa katika chumba kile lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa inamzamisha.

"Bafuni kuna sabuni, hakuna miswaki," mwanamke kijana aliita.

"Ipo," Buthaina alisema. Akaenda mwenyewe. Glasi haikuwapo. Akafungua kabati la kioo, haimo. Akafungua kisanduku cha dawa. Akavuta droo, akakuta mishumaa. Alihisi macho mgongoni. Alikuwa anapekua nyumba yake mwenyewe kama mwizi asiyejua wenyewe wanaweka wapi vitu.

"Droo ya pili, mwanangu," alisema Hajja. "Nimeifuta nikaifunga kwenye plastiki. Mswaki hauonyeshwi mgeni."

Mkaguzi aliichukua miswaki. Akapitisha kidole gumba kwenye nywele za ule mdogo, wenye samaki. Ulikuwa mkavu.

Kisha akachuchumaa mbele ya Tala. Hakuwa mtu mkali. Huenda alikuwa na wajukuu, na huenda aliwachuchumalia vivyo hivyo.

"Jina lako nani, binti?"

"Tala Jawdat Mansi."

"Jina zuri. Tala, hii ni nyumba yenu?"

Mtoto aliizungushia macho sakafu inayong'aa, kitambaa cha arusi, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Alikuwa amefundishwa asiseme uongo.

"Hapana," alisema. "Yetu ni chafu."

Hakuna aliyecheka ila mlinzi. Mwenye miwani akaandika.

"Anasema kweli!" Buthaina alisema. "Sikilizeni, anasema kweli, ni chafu, niliichafua mwenyewe asubuhi, kwa ajili yenu. Huyu mama ameisafisha, kwa ajili yenu pia. Sisi tumefanya nini leo ambacho si kwa ajili yenu?"

"Mama, tafadhali, tulia," alisema mwenye miwani.

"Nimezaliwa chumba hiki. Pale, palipo na kitanda. Baba yangu amefia pale. Muulizeni mtu yeyote kwenye ngazi."

"Majirani wote husema hivyo," alijibu mkaguzi. Na kweli, wakati huohuo Ami Sabri wa chini alikuwa anapiga kelele kwa yeyote anayetaka kusikia kwamba mama na mtoto wanakaa hapa, wanakaa hapa, anawasikia kila usiku wakitembea juu ya kichwa chake. Hakuna aliyeandika.

"Nikuulize na mimi," Buthaina alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, nzito. "Kwako wewe, mswaki wako sasa hivi umelowa au umekauka?"

Mkaguzi alivua miwani akaifuta. "Kwangu haji mtu kuuliza."

"Basi hilo ndilo liandike."

Hakuliandika. Alimshukuru Hajja kwa kahawa ambayo alikuwa ameinywa yote, akasema nyumba ni nzuri sana, na kwamba jibu litakuja kwa posta. Buthaina hakuhitaji posta. Alisikia viatu vyao vikishuka ngazi zake safi, akampigia simu Ustadh Fakhri, akamweleza.

"Tutakata rufaa," alisema wakili.

"Muda gani?"

"Mwaka. Miwili, ikiwa mbaya."

"Atakuwa na miaka saba. Atakuwa amekaa ndani kama paka." Alikuwa anakwenda huku na huku, na nyayo zake zilibaki kwenye sakafu mbichi. "Ustadh, wewe umesoma. Ulinambia iko sheria ya dunia."

"Iko. Mji uliotekwa kwa vita, watu wake hawafukuzwi. Mtoto akizaliwa aandikishwe, apewe jina na haki ya kuwa na wazazi wake wote wawili. Yamo kwenye mikataba, na wenyewe wameisaini."

"Sasa si uwaonyeshe!"

"Mama Tala, nimewaonyesha mara ngapi? Wanaijua kuliko mimi. Sheria ya dunia iko upande wako. Isipokuwa haina dawati katika ile ofisi."

"Basi ni sheria ya kazi gani?" alisema, na akakata simu, ingawa wakili hakuwa na kosa. Hasira ilimjaa. Angewezaje kuitoa? Kwa mkaguzi mwenye adabu? Kwa Sitti Inaam na kalamu zake? Kwa paka? Walikuwa wamepanga mambo vizuri wale watu: wamekutengenezea dhuluma ambayo kila unayemkuta mlangoni mwake ni mtumishi tu.

Hajja Ratiba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameelewa. Ilimchukua muda, lakini alikuwa ameelewa, na uso wake ulikuwa umeporomoka.

"Nilitaka wasitucheke," alisema.

"Najua, Hajja."

"Nigombeze. Nigombeze basi, usininyamazie."

Buthaina alikuwa na maneno yake tayari, ya miaka sita, na mengine hayakuhusu deki. Alimtazama yule mama, mikono yake iliyobabuliwa na klorini, kucha zilizolainika na maji, na akaona kwamba akimgombeza atakuwa anaimaliza kazi ya wale walioondoka.

"Kula, Hajja. Majani yako yataharibika."

Walikula wote watatu. Hajja hakumeza zaidi ya mawili. Kabla ya magharibi aliondoka, maana kizuizi hakingoji, na ngazi alizishuka ameshika ukuta, kitu ambacho hajawahi kufanya. Sufuria yake aliisahau. Au pengine aliona haya kuibeba.

Adhana ilipokwisha, Jawdat alipiga simu. Hupiga kila jioni akiwa juu ya paa, na humtaka mtoto kwanza. Mama yake alikuwa hajafika, hivyo hakuwa na habari yoyote. Buthaina alimpa Tala simu, akaenda kusimama dirishani ampe mgongo.

"Baba Tala hapa!" sauti ya Jawdat ilisikika hadi dirishani, kwa furaha yake ya kila siku. "Kipenzi cha baba, mko wapi saa hizi?"

Swali hilo humwuliza kila siku, na kila siku mtoto hujibu kwa kelele, tuko kwetu, baba, tunakuona, punga mkono! Leo hapakuwa na kelele. Buthaina aligeuka. Tala alikuwa ameishusha simu, ameiziba kwa kiganja, vile alivyoona watu wazima wakifanya.

"Mama," alinong'ona, "nimwambie tuko wapi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Leo nilisema vibaya, yule mzee akaandika. Sasa nimwambie baba tuko kwetu, au nisimwambie?"

Buthaina alivuka chumba, akapiga magoti, akamshika mtoto mabega.

"Mwambie tuko kwetu," alisema, kwa sauti iliyopenya ukuta mpaka Ami Sabri akazima redio yake. "Unasikia? Kwetu! Mwambie kwa nguvu, wasikie wote, waandike wakitaka!"

"Tala?" ilisema simu. "Tala, mwanangu, kuna nini huko?"

Mtoto aliirudisha simu sikioni. Alisema kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Lakini alisema kwa kunong'ona, huku akiutazama mlango.